Vidonge Mfukoni mwa Mdogo Wangu

Namshukuru Mungu aliye hai, aliyenirudishia akili zangu nilipokuwa nimezipoteza, na pumzi ilipokuwa imekaribia kuniishia. Mwili huu aliufinyanga yeye mwenyewe, na hakuugeuzia uso hata siku ulipokuwa unanuka. Sifa ni zake kabla sijaanza kusimulia.

Mimi ni mzee wa kanisa, nakaa Bweri hapa Musoma. Kazi yangu tangu ujana ilikuwa kuezeka mapaa. Naandika kwa ajili ya watu ambao misuli yao imekaza kama yangu na wamepewa vidonge vya kuilegeza, na pia kwa wanaowatunza. Sitaeleza mambo ya kidaktari kwa sababu siyajui. Nitaeleza yaliyonipata.

Nisiwafiche jambo moja. Maumivu niliyazoea mapema. Kinyaa sikukizoea hadi leo. Kanisani nimesikia shuhuda nyingi za watu waliovumilia maumivu, lakini sijamsikia mtu akisimama kusema alivumilia harufu yake mwenyewe.

Nilianguka wakati wa mvua za vuli, bati likiwa limelowa, kutoka kwenye paa la nyumba mpya ya jirani. Uti wa mgongo uliumia lakini haukukatika. Nililala hospitali hadi mahindi ya msimu ule yakavunwa. Mwanzoni miguu ilikuwa imelegea kabisa, unaiinua inaanguka. Kisha nikarudishwa nyumbani, na huko ndiko ilikoanza kukaza.

Watu hawajui kwamba mguu kukaza si mguu kupona. Wa kwangu ulipoanza kuruka wenyewe, washarika waliokuja kuniombea walifurahi. "Unaamka," walisema, "Bwana ameanza kazi." Nami nilifurahi nao. Lakini mguu ule haukuwa unanitii. Magoti yalibanana mpaka ngozi ya katikati ikachubuka na kutoa maji yenye harufu. Vidole vya miguu vilijikunja, kucha zikaingia kwenye nyama. Na kila miguu ilipokaza, kibofu nacho kilikamuliwa. Jumapili ya kwanza niliyopelekwa ibadani, mguu ulilipiga teke benchi la mbele wakati wa maombi, na papo hapo nikahisi joto la mkojo likishuka kwenye suruali. Dada mmoja wa kwaya alisogea pembeni polepole, akijifanya anatafuta kitabu chake. Sikumlaumu. Na mimi ningesogea kama ningeweza.

Mke wangu alishatangulia mbele za haki miaka mingi kabla ya ajali. Mwanangu Daudi ndiye aliyeniogesha asubuhi kabla ya kwenda gereji anakofanya kazi. Mchana nilibaki na mkewe, Bhoke. Wasomaji wa Mara wanaelewa ugumu wake, na wengine niwaeleze: kwetu mkwe wa kike na baba mkwe wanaheshimiana kwa kutengana. Haingii chumbani kwangu, hagusi kitanda changu, hanioni bila shati. Hata kunipa kitu mkono kwa mkono haifai. Basi chakula aliweka kwenye stuli karibu na mlango, akakohoa kidogo, akaondoka. Nikilowa saa nne asubuhi, nililowa hivyo hivyo hadi Daudi arudi jioni. Inzi walilijua jambo hilo. Yeye Bhoke alijua pia, maana harufu haijui heshima ya mkwe, na nilimsikia akihamisha jiko lake la mkaa kutoka upande wa dirisha langu.

Daudi akanipeleka tena hospitali. Tulikaa kwenye benchi la kungojea tangu asubuhi hadi jua likahamia upande wa pili wa jengo. Kulikuwa na mtu anayekoholea kwenye kopo la maziwa ya unga, na mama mmoja aliyefungua dagaa wa kukaanga akala pale pale, mafuta yakimtiririka hadi kwenye kiwiko. Nilitamani kutapika. Halafu nikakumbuka kwamba wao nao walikuwa wanavumilia harufu yangu, nikaomba toba kimyakimya.

Daktari alikuwa binti mdogo. Alinikunja magoti, akayaachia, akatazama yanavyotetemeka.

"Babu, nitakupa vidonge vya kulegeza misuli. Baklofeni. Una shida ya figo?"

"Sijaambiwa."

"Tutapima. Kifafa umewahi? Kuna dawa nyingine unameza, za usingizi, za maumivu za kununua mnadani?"

"Hapana."

"Pombe?"

"Mimi ni mzee wa kanisa."

"Hilo si jibu, babu."

Daudi alicheka hadi akatoka nje. Nikamwambia binti yule kwamba sinywi, na ni kweli.

Akanieleza kwamba tutaanza na kidogo, kisha tutapandisha taratibu huku akiniangalia. "Na siku tukitaka kuacha, tutashuka taratibu hivyo hivyo. Usiache ghafla hata kama umechoka nazo. Ukiacha ghafla unaweza kuchanganyikiwa, hata ukapata degedege. Ukisahau mara moja, usimeze mara mbili kufidia. Na usiache ziishe ndipo uje."

Niliitikia kwa kichwa. Daudi alisikiliza, na jioni ile alimweleza Bhoke yote, maana ndiye angekuwa ananiwekea vidonge mchana.

Mungu ni mwema, dawa ilifanya kazi. Baada ya wiki kadhaa magoti yaliachana, kidonda cha katikati kikakauka, nikaweza kukaa kwenye kiti bila kurushwa. Lakini nayo ilikuwa na karaha zake. Nilisinzia katikati ya sentensi. Choo kilifunga hadi tumbo likawa gumu. Mbaya kuliko yote ilikuwa mate. Nikisinzia yalitoka, yakashuka kwenye ndevu hadi kwenye kola, yakakauka huko yakanuka kama maziwa yaliyoharibika. Mimi niliyekuwa nikishika kikombe cha meza ya Bwana, sasa niligeuka mtu wa kufungwa kitambaa shingoni.

Kipimo kilipopandishwa tena, miguu ililegea kupita kiasi. Hapo ndipo nilipogundua kwamba ule ukakamavu niliouchukia ndio uliokuwa unanisimamisha. Niliinuka kwenye kiti nikaanguka kifudifudi. Bhoke akapiga kelele nje, akawaita majirani, yeye mwenyewe akabaki mlangoni amejifunika uso kwa khanga. Daktari akapunguza kidogo, tukapata mahali pa katikati. Nawaambia wenzangu, mahali hapo pa katikati panahitaji uvumilivu. Msikate tamaa mkadhani dawa haifai, wala msijiongezee wenyewe.

Jirani yangu, Mzee Masatu, alikuja siku moja akaona nimenyooka. Akaomba nimgawie viwili, mgongo unamsumbua.

Kabla sijajibu, sauti ilitoka jikoni. "Baba mdogo, hizo si karanga. Ukitaka kulala barabarani, meza."

"Mkwe wako anasikiaga kila kitu," alisema Masatu.

"Anasikiaga," nilijibu.

Kiangazi kilipofika, mdogo wangu anayenifuata, Nyamhanga, alifariki ghafla kule Butiama. Tulikwenda kumzika, Daudi akiwa ameazima gari dogo la tajiri wake. Baada ya mazishi Daudi alirudi kazini, mimi na Bhoke tukabaki kwa matanga. Mimi ndiye mkubwa wa ukoo sasa. Kikao cha kuamua mambo ya marehemu, mji wake, ng'ombe zake, na mjane wake ataishije, hakiwezi kufungwa bila neno langu. Na kilikuwa kinawangoja ndugu wa mjane kutoka Bunda, ambao walikuwa wanatuma salamu kwamba wako njiani.

Mdogo wetu wa mwisho, Magesa, ndiye aliyesimamia msiba. Ni mtu mchapakazi na ananipenda, hilo nalisema mbele za Mungu. Aliniweka kwenye chumba chake mwenyewe, akaniogesha mwenyewe. Bhoke alipika nyuma na wanawake, na vidonge vya mchana aliviweka kwenye sahani mlangoni, Magesa akaniletea.

Siku moja wazee wa jirani walikuja kutoa pole. Nikasinzia nikiwa katika kuwajibu. Nilipozinduka, mate yalikuwa yamefika kifuani na kifaranga kilikuwa kinayadonoa kwenye paja langu. Wazee walitazama chini. Mmoja alitema mate pembeni, kwa namna mtu anavyotema akiona kitu kichafu.

Walipoondoka Magesa aliketi karibu yangu. "Kaka, hizi dawa zinakulaza. Watu wa Bunda wakikukuta hivi watasema ukoo wetu hauna mkubwa. Watambeba dada yao na watoto, waondoke na ng'ombe."

"Daktari amekataza kuziacha."

"Huziachi. Unapumzika tu mpaka kikao kiishe." Akachukua pakiti ya vidonge vya usiku iliyokuwa kando ya kitanda, akaitia kwenye mfuko wa ndani wa koti lake. "Nitakutunzia."

"Magesa, nipe dawa yangu."

"Kesho wanafika, kaka. Vumilia."

Sikuweza kusimama nikamfuata. Hili wenye miguu hawalijui. Mtu akikuchukulia kitu akaenda hatua chache tu, amekwenda nacho mbali.

Watu wa Bunda hawakufika kesho yake wala iliyofuata. Kila nilipomwomba Magesa dawa, jibu lilikuwa hilo hilo: wako njiani. Sahani ya Bhoke aliendelea kuichukua mlangoni na kuirudisha tupu, vidonge akiviongeza mfukoni. Naye hakuwa na njia ya kuniona.

Kwanza mwili ulianza kuwasha. Haukuwa muwasho wa mbu. Ulikuwa ndani, chini ya ngozi, nikajikuna hadi damu. Kisha miguu ikarudi kukaza kwa nguvu ambayo sikuwahi kuijua hata mwanzoni, visigino vikajigonga matakoni, kidonda cha magoti kikafunguka. Nikapata homa. Na mchana kweupe, nikiwa macho, nikaona dagaa wakitembea ukutani. Walikuwa hai, wanang'aa, maelfu kwa maelfu, wakishuka kwenye blanketi. Walinuka uvundo wa mchanga wa ufukwe wa Makoko siku dagaa walioanikwa wanaponyeshewa na mvua. Waliingia puani. Waliingia mdomoni, nikawatafuna ili nisisongwe, nikahisi macho yao yakipasuka kwenye meno. Nilitema, nikatema, na wao wakazidi. Hata leo sili dagaa.

Nilipiga kelele nikimwita marehemu aje aniondolee. Kwa nini nilimwita yeye sijui. Lakini waliosikia walielewa kwa namna yao: mkubwa anazungumza na marehemu, kwa hiyo marehemu ana neno. Wazee wakakaa. Wakaamua achinjwe mbuzi.

Nieleze bila dharau, kwa maana babu yangu alibarikiwa hivyo na baba yangu alibarikiwa hivyo. Mbuzi akichinjwa, hutolewa yale majani aliyokula, yaliyosagika tumboni mwake yakawa uji wa kijani, na mtu hupakwa ili apoe, awe salama. Wanaofanya hivyo wanamtakia heri. Lakini mimi nilikuwa mtu anayewashwa, mwenye vidonda, anayeona dagaa wakimtambaa. Wakanivua shati, wakanipaka kifuani, shingoni, usoni. Yalikuwa ya moto bado. Yaliingia kwenye vidonda yakachoma. Yaliingia kwenye ndevu zangu, yakachanganyika na mate. Harufu ya samadi na damu ilinijaa mpaka kooni, nikatapika juu yake, na matapishi nayo yakapakwa pamoja na mengine kwa kuwa waliokuwa wakinishika hawakuona tofauti. Magesa alikuwa analia. Aliniinamia akisema, "Tulia kaka, anakusikia." Na vidonge vyangu vilikuwa hapo hapo kwenye koti lake, vikinigusa bega kila alipoinama.

Yaliyofuata nimeambiwa na wengine, mengine nayakumbuka kwa vipande.

Bhoke alisikia makelele akiwa kwenye mafiga. Akawauliza wake za wadogo zangu, "Baba anameza dawa?" Wakamwambia Magesa anampa. Akasema, "Mtu anayemeza halii hivyo. Kamuulizeni." Ujumbe ukaenda kwa wanaume, ukarudi: mambo ya ukoo yanashughulikiwa, wanawake wapike. Akampigia Daudi simu. Daudi akasema anatoka sasa hivi na gari, wasiniache.

Hapo akanawa mikono ya unga, akavuka uwanja mbele ya wazee wote, akasimama kwenye mlango wa chumba nilimolala kifua wazi.

"Wewe," alisema mzee mmoja, "unakwenda wapi?"

"Kwa baba."

"Huyo ni mkwe wako. Umerogwa?"

"Nitatozwa mbuzi wa faini, nitamtoa," alisema Bhoke. Kisha akasema kwa sauti ya chini, na hii naikumbuka: "Baba, naingia. Nisamehe." Akaingia.

Alimwuliza Magesa ziko wapi. Magesa akaona aibu, akatoa pakiti na vile vya sahani, vingi kwenye kiganja. Na kwa sababu ananipenda, akakosea mara ya pili. Akaagiza maji. "Zote alizokosa hizi hapa. Tumpe zote apone sasa hivi." Akanishika taya.

Bhoke akaushika mkono wa Magesa, ambaye naye ni mkwewe, na hilo nalo ni mwiko. "Baba mdogo, si ugali wa jana huu, kwamba asiyekula jana ale mara mbili leo. Ukimpa hizo zote atalala moja kwa moja. Anakwenda hospitali, na hizo zinakwenda naye wazione."

"Wewe ni daktari?"

"Siyo. Ndiyo maana simpi."

Miguu yangu ilikuwa imeanza kutetemeka kwa namna mpya, na macho yamepinduka. Bhoke alinigeuza ubavu nisisongwe na matapishi. Akaomba maji, na kwa kuwa hakuna mwanamume aliyeinuka, akaniosha mwenyewe, uso, shingo, kifua, ile kijani yote, hadi kwenye mikunjo ambayo binti haioni kwa baba mkwe. Nilikuwa na akili kidogo ya kutosha kuona haya. Nilifumba macho. Nilimsikia akitapika mara moja dirishani, kisha akarudi kuendelea. Sijawahi kumshukuru kwa hilo kwa maneno, kwa sababu kulitaja kungemwaibisha. Namshukuru hapa.

Daudi alifika, akatupakia mimi, Bhoke na Magesa. Hospitalini Musoma waliniwekea maji, wakatuliza degedege, wakanirudishia dawa kwa namna yao. Yule binti daktari alimsikiliza Daudi hadi mwisho, akamgeukia Magesa aliyekuwa amesimama ukutani na koti lake likinuka mbuzi.

"Baba, ungechelewa kidogo tungekuwa tunaongea mengine."

Magesa akasema, "Nilitaka awe macho tu."

"Ulimwuliza nani?"

Magesa alikaa nami wodini mpaka nikatoka. Alimwaga beseni langu bila kugeuza uso, na mimi niligeuza wangu. Bado nilikuwa namkasirikia, na nilimchukia kwa siku zile kiasi cha kushindwa kusali Baba Yetu hadi mwisho. Nilikuwa nafika mahali fulani nasimama.

Wazee wa Butiama walituma watu kudai mbuzi wa Bhoke. Nikawajibu kwamba kikao cha marehemu kitafanyika kwangu Bweri, dawa yangu nikiwa nimeimeza kama kawaida, na asiyetaka kumngoja mzee anayesinzia abaki kwake. Mbuzi wa Bhoke tutamzungumza hapo hapo.

Mvua za vuli zilipokaribia, wakaja, na watu wa Bunda wakaja. Nilisema machache niliyoyapanga: mjane abaki kwenye mji wake na watoto wake na ng'ombe zake, na ndugu zake wawe mashahidi. Watu wa Bunda wakaridhika. Kisha nikasema kuhusu Bhoke, kwamba aliingia kwa mgonjwa na si kwa mkwe, na kama ukoo unataka mbuzi, mbuzi huyo atatoka kwangu kwa sababu ni mimi aliyeokolewa. Hakuna aliyetaka mbuzi tena.

Nikiwa katika kuomba dua ya kufunga, usingizi ukanichukua. Nimeambiwa hakuna aliyenyanyuka. Walinisubiri, wakawa wanaongea taratibu habari za malisho. Nilipozinduka, mate yalikuwa yameshuka kama kawaida, na Magesa alikuwa amechuchumaa mbele yangu, ananipangusa ndevu kwa leso yake. Leso ile ilinuka ugoro. Nilisikia kinyaa. Nilitaka kuusukuma mkono wake, nikauacha. Alipomaliza mdomo, akapangusa na kola. Ndipo nikaendelea na dua mahali nilipoishia.

Wewe unayesoma haya, Mungu akupe watu wasioukimbia mwili wako, na akupe kuuvumilia mkono wao. Dawa yako isikuishie, wala mtu asikuwekee mfukoni mwake. Akulinde wewe na wanaokuosha, awape nguvu ya mikono na nyinyi nyote awape usingizi mwema. Amina.